Maiki Inunue Mwisho: Maongezi na Vijana wa Mwanza Wanaotaka Kufungua Studio Nyumbani

(Haya ni maongezi niliyoyatoa Kirumba kwa vijana wa muziki, nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimekata tu utani ambao ukiusoma hauchekeshi.)

Shikamooni wazazi wangu mliokaa mbele, na nyie washkaji wa huko nyuma mambo vipi, poa? Wabeja sana kwa kuja. Naona kuna wanakwaya, naona machalii wa hip hop, naona na mzee mmoja kaja na ngoma yake kabisa kaipakata, karibu sana mzee wangu, na wewe nitakufikia.

Nimeambiwa niongelee vifaa vya kuanzia studio ya nyumbani, ile studio ya geto, chumba kimoja, kitanda pembeni, laptopu juu ya meza. Na najua kabisa swali mlilokuja nalo ni moja tu, ninunue maiki gani. Meseji ninazopataga ni hiyo hiyo kila siku, bro nina laki tano niambie maiki kali. Sasa jibu langu linaudhi watu kwaiyo nalitoa mapema ili mwenye kuondoka aondoke: maiki ndo ya mwisho. Kwanza chumba, alafu hedifoni, alafu saundikadi, maiki ije nyuma ya hizo zote, na hata hiyo hela ya maiki naomba iwe ndogo kuliko uliyoipanga.

Kwanini? Kwasababu maiki inanasa sauti yako pamoja na chumba chako, haikuulizi unataka ipi. Ukiimba, sauti nyingine inaenda moja kwa moja kwenye maiki, nyingine inaenda ukutani inarudi, inagonga bati inarudi, inagonga sakafu inarudi, na zote zinaingia zikiwa zimechelewa kidogo kidogo. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwaiyo ukuta ulioko mita tatu kutoka ulipo unakurudishia sauti yako baada ya karibu milisekunde 18, sikio halitakwambia huo ni mwangwi, sikio litasema tu mbona huyu jamaa anaimbia bafuni. Na hilo bafu likishaingia kwenye rekodi ndo limeingia, ukisema utalitoa wakati wa kumiksi utahangaika, tena ukiweka kompresa ndo kabisa, maana kompresa ikishabana zile sauti kubwa na wewe ukapandisha volyumu, vile vidogo vilivyokuwa vimejificha vyote vinakuja mbele. Sa jiulize, umenunua maiki ya bei mbaya inayosikia mpaka mbu, alafu umeisimamisha kwenye bafu. Umelipia kulisikia bafu vizuri.

Na nyumba zetu za hapa mnazijua. Ukuta wa bloku na plasta, chini saruji au tailizi, juu bati, silingi bodi bado tunajichanga. Wale wa milimani, Mabatini huko na kwingine, unakuta ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe la mlima, nyumba imeegemea mwamba. Tunajisifu Rock City na kweli mji ni mzuri, ila jiwe halimezi sauti hata chembe.

Najua mnachofikiria sasa hivi. Trei za mayai. Jamani, hizi trei. Kila studio ya mtaani ukiingia ukuta mzima ni trei za mayai, zimepigwa rangi nyeusi na nyekundu, kwenye video zinapendeza sijakataa. Lakini trei ni karatasi, nyembamba, inagusa gusa tu zile sauti za juu, zile za s na ch, inaziacha za kati na za chini zinaruka ruka kama kawaida. Sasa matokeo yake chumba kinakuwa na sauti ya kwenye boksi, juu imekufa, chini inavuma. Na kuzuia kelele za jirani ndo kabisa haizuii kitu, kelele inazuiwa na uzito na kuziba matundu, ukuta mzito, mlango mzito, raba kwenye kingo za mlango. Trei haina uzito, ina nafasi ya mayai 30 basi.

Kitu kinachomeza sauti ni kitu kinene, laini, chenye hewa ndani. Inchi nne kwenda juu. Na kwa vile sauti ya chini mawimbi yake ni marefu, besi ya Hertz 100 wimbi lake ni mita tatu na kitu, ukiweka kisponji cha inchi moja ukutani ile besi inapita hata haijui kuna kitu pale. Wenzetu wanatumia rokuli, ile ya kuzuia joto kwenye majengo, ukiipata nzuri. Ila sisi tuko Usukumani, ndugu zangu, tuko kwenye nchi ya pamba! Nenda kwa fundi magodoro, wale wanaoshona magodoro ya pamba, mwambie akufungashie yale mabaki, alafu nenda kwa seremala akupigie fremu za mbao futi mbili kwa nne, kina inchi nne au sita, jaza pamba, usiishindilie sana, mbele valisha kitambaa chepesi ambacho ukikiweka mdomoni ukapuliza hewa inapita. Kanga inafaa, kitenge chepesi kinafaa, turubai halifai. Nyuma acha nafasi kidogo kati ya fremu na ukuta, hiyo nafasi nayo inafanya kazi. Nne au sita hivi zinakutosha kuanzia, mbili weka nyuma ya mwimbaji, maana maiki inatazama mwimbaji kwaiyo inachokiona ni ukuta wa nyuma yake, watu wengi wanaweka nyuma ya maiki tu wanashangaa mbona hamna kilichobadilika. Moja ining'inize juu kama ni bati tupu. Na tafadhali, pamba inashika moto, na godoro la sponji vilevile, usipitishe waya wa umeme humo na usivute sigara humo, nasema hili nikiwa siriazi.

Huna hata hela ya seremala? Simamisha godoro lako la kulalia nyuma ya mwimbaji, fungua kabati la nguo, tundika mablanketi mawili kwenye kamba. Usiku unalalia, mchana unarekodia. Hela ya chumba kwenye kila milioni moja uliyonayo iwe laki mbili hivi, na hizo laki mbili ndo zitakazobadilisha rekodi yako kuliko kitu kingine chochote utakachonunua. Naona mmenuna, haya tuendelee.

Kelele za nje. Bati na mvua hakuna ujanja, mvua za Mwanza zikianza kaa unywe chai. Bodaboda, kigodoro cha mtaa wa pili, kuku. Panga muda wako, watu wengi wanarekodia vokali usiku na wana akili. Zima feni, zima friji kama mpo chumba kimoja nayo, na ukizima friji weka funguo za mlango juu yake ili usitoke bila kuikumbuka, samaki wakiharibika mama hatakuelewa na muziki wako.

Sasa umeme, maana hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Unarekodi unasikia mmmmm chini chini. Umeme wetu ni wa Hertz 50, na ule mngurumo ni huo, unaingia kupitia chaja ya laptopu, kupitia waya mbovu, mara nyingi nyumba haina erthi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini, au ina erthi ya jina tu. Na hii milima yetu inachangia, lile fito la shaba linataka kuzama kwenye udongo wenye unyevu, kwenye mwamba halizami, fundi anachimba futi moja anakutana na jiwe anafukia anakwambia tayari boss. Muulize fundi umeme anayejua aipime erthi na kifaa cha kupimia, asikuangalizie kwa macho. Kwa sasa hivi dawa ya bure ni hii: wakati unarekodi chomoa chaja, tumia betri. Mngurumo mwingi unakata hapo hapo, na umeme ukikatika katikati ya vesi nzuri hupotezi kitu. Mwenye kompyuta ya mezani anunue UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, kabla ya spika, hilo halina mjadala. Na waya wa maiki uwe ule wa XLR wa pini tatu kutoka mwanzo mpaka mwisho, ule unabeba sauti kwenye nyaya mbili zenye mwelekeo tofauti na kelele inayoingia njiani inafutana yenyewe. Waya wa XLR upande mmoja na jeki ndogo upande wa pili, ile inayokujaga bure kwenye boksi la maiki za bei chee, haufanyi hivyo.

Hedifoni. Iliyofunga, isiyovujisha, maana biti ikivuja kwenye hedifoni ya mwimbaji inaingia kwenye maiki. Sio zile za kusikilizia kwenye basi zenye besi ya kuzidisha, hizo zinakudanganya unafikiri biti yako ina besi kumbe besi ni ya hedifoni. Sony MDR-7506 ipo sokoni tangu 1991 na mpaka leo watu wa redio na studio wanaitumia, Audio-Technica ATH-M40x nayo nzuri. Ukikuta moja ya hizo, mtumba mzuri, pedi zimechakaa tu, chukua, pedi zinabadilishwa. Mimi kwa mtu anayeanza ningeweka hela nzuri hapa kuliko kwenye maiki, kwasababu kila uamuzi utakaofanya utaufanya kwa masikio yako kupitia hiko kitu.

Spika? Bado. Najua zinapendeza kwenye picha. Ila spika kwenye chumba kidogo cha pembe nne ambacho hakijatengenezwa, besi inajaa kwenye kona inapotea katikati, ukisogeza kiti nusu mita wimbo umebadilika. Rekodi na hedifoni, miksi na hedifoni, alafu mzunguke nao mtaani huo wimbo, usikilize kwenye simu, kwenye sabufa ya jirani, kwenye gari ya mshkaji. Wasikilizaji wako ndo wako huko. Kuna spika za Yamaha zinaitwa NS-10, zilitoka 1978 kama spika za nyumbani tu, hazikuwa za kifahari, na zikaishia kuwa kwenye studio kubwa karibu dunia nzima kwasababu wimbo ukisikika vizuri pale unasikika vizuri popote.

Saundikadi, ile boksi ndogo ya kuchomeka maiki inayoenda kwenye kompyuta kwa USB. Ya chaneli moja au mbili inatosha, Focusrite Scarlett Solo au 2i2, Behringer UMC22 kama mfuko umebana. Unaangalia vitu vichache, iwe na tundu la XLR, iwe na ile pawa ya volti 48 kwa ajili ya maiki za kondensa, zile zinazosikia sana na zinazohitaji umeme, iwe na swichi ya kujisikia moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta. Hiyo swichi muhimu sana, maana kompyuta inachelewesha sauti, ukiweka bafa, ile foleni ya sauti inayosubiri ndani ya kompyuta, ya sampuli 512 kwenye 44.1 kHz hapo tu ni kama milisekunde 12, ukijumlisha kwenda na kurudi mwimbaji anajisikia nyuma ya biti anaanza kuburuza, unamgombeza bure kumbe ni bafa. Shusha 128 ukirekodi, pandisha ukimiksi. Rekodi kwa biti 24 kama saundikadi yako inafika huko, ile UMC22 inaishia 16 (hizi ni biti za kompyuta, sio biti ya wimbo), na usijaze mita ya sauti kwenye skrini mpaka nyekundu, acha sauti kubwa kabisa iishie kama desibeli 10 au 12 chini ya sifuri, nafasi ipo tele. Ule ushauri wa kupandisha mpaka juu ni wa zama za tepu.

Haya sasa, maiki yenu, mlikuwa mnaisubiri.

Kwa chumba ambacho hakijakaa sawa, mimi nasema dainamiki. Sio kwamba dainamiki ina akili ya kuchagua, ni kwamba haina nguvu sana ya kuvuta kwaiyo inakulazimisha uisogelee, na ukiisogelea sauti yako inakuwa kubwa kuliko ya chumba. Shure SM58 imetoka 1966, inaangushwa, inamwagiwa soda, inapanda jukwaani Furahisha jioni na kesho asubuhi inarekodi vesi. Kondensa ni tamu, ina yale ya juu yanayong'aa, lakini kachukue kondensa chumba kikishakaa sawa. Na zile kondensa za boksi, zile BM-800 na ndugu zake zinazouzwa seti nzima na stendi na sponji na kisaundikadi chenye taa za disko, wengi mnazo najua, usiitupe, ila ichomeke kwenye saundikadi yenye volti 48 kwa waya wa XLR, usichomeke kwenye tundu la laptopu, utashangaa tofauti. Kuna hii nyingine mnaiona kwa watu wa podikasti, SM7B, kila mtu anaitaka. Ile inataka geini, yaani nguvu ya kuikuza sauti, kama desibeli 60, saundikadi ya bei rahisi ikipandishwa mpaka huko inaanza kukuletea shhhhh, kwaiyo unanunua maiki alafu unatafuta hela nyingine ya kifaa cha kuisukuma. Iache kwanza.

Na feki. SM58 feki ni nyingi kuliko dagaa. Orijino ina uzito wa karibu gramu 300, nenda na mizani au nenda dukani kwa mpunga ukapime, feki nyingi ni nyepesi. Fungua kichwa, angalia kazi ya ndani, orijino imefanywa kwa utulivu, feki nyingi zimelipuliwa. Na bei ikiwa nusu ya bei ya wengine usijiulize una bahati gani. Wanaoagizia Nairobi mzigo upite mpakani Sirari na risiti zake, ulipie ushuru, vinginevyo ile nafuu uliyoifata inaishia njiani.

Kompyuta nitapita haraka. Ramu ya GB 8, diski ya SSD, basi. Dakika moja ya sauti ya mono kwa biti 24 ni kama MB 8, kwaiyo hata nyimbo nyingi hazitakumaliza, ila kuwa na diski ya nje ya kuhifadhia nakala, laptopu zinaibiwa. Programu, wengi mnatumia FL Studio ya kukreki na virusi vyake. Reaper unaijaribu siku 60 ikiwa kamili na leseni ya mtu mdogo ni dola 60, sijui kwanini watu hawaiongelei. Na anayetaka kununua FL kihalali aangalie vizuri, lile toleo la chini kabisa, Fruity, kwa miaka mingi lilikuwa halirekodi vokali, lilikuwa la biti tu, kurekodi kulikuwa kunaanzia Producer, kwaiyo uliza toleo unalonunua linarekodi au halirekodi. Watu wamelia na hilo.

Wanakwaya sijawasahau. Kwaya ya watu 30 huwezi kuiingiza geto na usijaribu. Mnakuja kwa sauti, leo soprano wanne au watano, kesho alto, mnaimba mara mbili tatu na kubadilishana nafasi za kusimama, zikipangwa zinasikika watu wengi. Ukitaka kwaya nzima kwa pamoja chukueni kanisa lenyewe siku hakuna ibada, pale ule mwangwi ni mali, na maiki mbili juu mbele. Na mzee wangu wa ngoma, ngoma usiilete kwenye chumba kabisa, ngoma ya Kisukuma ikipigwa ndani ya mita tatu kwa tatu chumba kinalia kuliko ngoma. Nje, uwanjani, maiki mita mbili au tatu, asubuhi mapema kabla upepo wa ziwani haujaanza kuingia maana mchana unavuma kutoka ziwani kuja huku, na maiki ivalishwe sponji. Ile ya kwenda kurekodi Bujora, pale kwenye makumbusho ya Wasukuma, ama kijijini kwenu na laptopu ya betri, hiyo ndo faida ya kuwa na vifaa vidogo, studio kubwa haiwezi kukufata mzee.

Kuna mama ameniuliza pale mlangoni, mwanangu anataka milioni tatu za studio nimpe? Mama yangu, mpe moja. Laki mbili chumba, laki mbili na nusu au tatu hedifoni, saundikadi laki tatu na kitu, inayobaki maiki ya mtumba iliyopimwa, stendi, waya na kile kichujio cha kuzuia p na b. Bei zinapanda na dola kwaiyo usinishike shati. Akikuletea nyimbo mbili zimeisha, za watu wengine sio zake, mpe inayofuata. Na umwambie BASATA, baraza la sanaa, na COSOTA, watu wa hakimiliki, ziko kwa ajili yake, biti za watu asichukue chukue tu mtandaoni.

Nimeongea sana. Begi langu liko hapo, kuna maiki moja ya dainamiki, kuna kondensa moja, kuna fremu mbili za pamba nimezibeba kwenye bajaji watu wakadhani nahama. Nataka mtu mmoja aimbe mistari minne, na maiki zote mbili, kwanza fremu zikiwa nje, alafu zikiwa nyuma yake, tutasikiliza wote na mtaniambia ipi ni ipi bila mimi kuwaambia. Dada wa kwaya pale, wewe mwenye gauni la bluu, njoo tuanze na wewe, na mzee naomba ngoma uishike vizuri isilie.